Tobo si tusi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni pale Ujiji, kabla ya fainali ya vijana. Kipaza sauti kilikuwa kinakatika na waliokaa upande wa pili walilalamika hawakusikia, ndiyo maana nimeyaandika.

Asalamu alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, waamuzi, walimu wa timu zote mbili, na ninyi wanangu mliokaa hapo chini na jezi zenu, habari za jioni.

Kamati imenipa dakika 15 nizungumze juu ya nidhamu. Nidhamu ni neno pana, ukiliachia linameza jioni nzima. Mimi nitazungumzia lililotokea Jumatano tu, maana naona limekuwa kesi ya mji. Kwenye vijiwe vya kahawa ni hilo, sokoni ni hilo, nimekwenda kunyoa nako ni hilo hilo.

Kwa ambao hawakuwepo: timu moja ilikuwa inaongoza 4-0, zimebaki dakika chache. Winga wao, kijana wa miaka 16, akapokea mpira pembeni. Akampiga beki tobo, yaani akampitishia mpira katikati ya miguu. Akamsubiri ageuke, akampiga tobo la pili. Halafu akausimamisha mpira, akaukalia. Akakaa kama mtu aliyekaa kwenye kigoda, mkono shavuni, anatazama watu. Beki akaja na miguu miwili. Mungu ni mkubwa, kijana aliwahi kuruka. Kabla hata mwamuzi hajapuliza, uwanja ulishajaa watu, beseni la vitumbua la mama mmoja likapinduliwa kwenye vumbi, na mechi ikaishia hapo.

Tangu siku ile nasikia hukumu mbili. Wapo wanaosema mtoto yule ana dharau, angevunjwa tu angejifunza. Na wapo wanaosema mpira ni burudani, asiyetaka chenga akae kwao. Mimi sikubaliani na hukumu zote mbili. Sababu yangu moja ni jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani, nitafika huko.

Tuanze na hizi chenga zenyewe, tumezitoa wapi. Waliokulia ufukweni, Kibirizi na kule Katonga, wanajua mchanga ulivyo mzito. Ukitoa pasi ya chini, inakufia hatua tatu mbele. Kwa hiyo mtoto wa ufukweni anajifunza mapema kuudokoa mpira, kuunyanyua kwa vidole vya mguu mtupu na kuupitisha juu ya kichwa cha mwenzake. Hiyo ndiyo kanzu. Na sisi wa Ujiji ndani tulicheza vichochoroni, mpira wa makaratasi na kamba za mgomba, ukuta huku na ukuta huku. Mwenzako akisimama mbele yako kichochoroni, huna kulia wala kushoto, njia iliyobaki ni katikati ya miguu yake. Hilo ndilo tobo. Hakuna aliyekaa akabuni namna ya kumtukana mwenzake. Mchanga na kuta ndivyo vilivyotufundisha.

Halafu tazameni jina lenyewe. Tunasema fulani kamvisha fulani kanzu. Wazee wangu, hapa Ujiji kanzu ni vazi la nani? La mtu anayekwenda Ijumaa. La bwana harusi. Aliyelitoa jina hilo angetaka kutukana angelikosa neno la kutukania? Maneno ya kutukana tunayo mengi. Yeye akachagua kanzu.

Wazee mnamkumbuka Sunday Manara wa Yanga, aliyepachikwa jina la Computer, akaenda mpaka Uholanzi kucheza Heracles miaka ile ya sabini. Watu hawakumpenda kwa sababu alikuwa anawaonea mabeki. Walimpenda kwa sababu alikuwa anafikiri kabla yao, na mpira unalionyesha hilo kwa miguu.

Nitawapa na mfano wa mbali. Mwaka 1993, Jay-Jay Okocha wa Nigeria akiwa Eintracht Frankfurt, walicheza na Karlsruhe. Akaupata mpira ndani ya boksi, kipa mbele yake. Angeweza kupiga pale pale. Akaurudisha mguu, kipa akalala. Mabeki wakaja, akageuka upande mwingine, nao wakalala. Akarudi tena, kipa kainuka kalala mara ya pili, ndipo akafunga. Wajerumani, ambao wanapenda mpira wa moja kwa moja, wakalichagua kuwa bao la mwaka. Yule kipa alikuwa kijana anaitwa Oliver Kahn. Mwaka 2002 Kahn huyo huyo akachaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia, kipa. Kulazwa chini mara mbili mbele ya umma hakukumpunguzia kitu. Hakwenda kumtafuta Okocha ampige teke. Alirudi mazoezini.

Na mnaijua ile penalti ya kudokoa katikati. Belgrade, 1976, fainali ya Ulaya, Czechoslovakia na Ujerumani Magharibi wamefika kwenye matuta. Antonín Panenka anakwenda kupiga ya mwisho, akiingiza wamechukua kombe. Anakimbia kwa kasi kama atapasua wavu, Sepp Maier anaruka kushoto, na mpira unapanda taratibu unaingia pale pale kipa alipokuwa amesimama. Watu wakasema ni kejeli. Lakini Panenka alikuwa ameifanyia mazoezi ile penalti karibu miaka miwili, na kipa wa klabu yake, wanabaki wawili baada ya mazoezi wakiwekeana chokoleti. Alikuwa amegundua kwamba kipa hasubiri katikati, anachagua upande. Mtu anayekusoma kwa miaka miwili amekuheshimu sana.

Sasa, msije mkadhani nawatetea wote. Nimeshatazama mambo mengine nikashindwa kuyatetea moja kwa moja. Brazil, mwaka 2007, kulikuwa na kijana wa Cruzeiro anaitwa Kerlon. Alikuwa anaunyanyua mpira mpaka kwenye paji la uso, kisha anakimbia nao unadundadunda juu ya paji, kichwa kimeinama nyuma. Wakauita mtindo wa sili, yule mnyama wa baharini anayechezeshwa mpira kwa pua. Fikirieni ninyi mabeki. Mpira uko usoni kwake, mguu haufiki, ukimsogelea utamgonga yeye kabla ya mpira, na ukimwacha anakwenda golini. Siku wanacheza na Atlético Mineiro, watani wao wa mji mmoja, akaufanya, na beki Coelho akamvaa kwa mwili mzima. Nyekundu, na wachezaji wakavaana. Brazil nzima ikagawanyika kama sisi tulivyogawanyika tangu Jumatano: huyu anasema kijana ana kipaji, yule anasema ni kuwadhihaki wenzake.

Mimi nimeiwaza ile sili muda mrefu. Nasema ilikuwa halali. Alikuwa anakwenda golini, timu yake inapigania ushindi wa 4-3 dhidi ya watani wao, na amegundua njia ambayo beki hana jibu lake. Kazi ya beki ni kulitafuta jibu.

Kinachonipa shida ni mambo kama ya Neymar, 30 Mei 2015, fainali ya kombe la mfalme wa Hispania. Barcelona wanaongoza 3-1, mechi inakwisha, naye yuko pembeni karibu na kibendera anajaribu kuubana mpira kwa visigino aupitishe juu ya kichwa cha beki wa Athletic Bilbao. Wakamzonga. Na kocha wake mwenyewe, Luis Enrique, aliposemeshwa, alisema kama angekuwa mchezaji wa Athletic naye angekasirika, ila tukumbuke kwamba kwao Brazil hilo ni la kawaida. Maneno yale niliyapenda, kwa sababu ni ya mtu anayemtetea mwanawe bila kumdanganya.

Tofauti iko wapi basi? Chenga ya Okocha na ya Neymar zote ni chenga.

Hapa sihitaji kwenda Brazil wala Hispania. Jibu tunalo nyumbani, kwenye utani. Sisi tumelelewa na utani. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu anamjibu mzee huna hata meno. Mtani anakuja msibani kwako, anafanya vituko mbele ya jeneza, anadai apewe pesa ndipo maiti itoke, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Jambo hilo hilo akilifanya mtu asiye mtani, atatoka pale amebebwa. Kwa nini mtani anaachwa? Kwa sababu siku ya msiba wake na wewe utakwenda kumfanyia. Zamu yako ipo, na yeye anaijua. Ukishaiondoa zamu ya mwenzako, huo si utani tena, umekuwa uonevu.

Tobo kwenye 0-0 ni utani. Kwenye 1-1 ni utani, kwenye 2-0 mapema ni utani. Beki ana dakika za kukujibu: akupokonye, akutolee mpira nje, timu yake isawazishe, na mashabiki wake wakucheke wewe. Lakini 4-0, dakika ya 80 na kitu, mtoto wa miaka 15 aliyevaa jezi inayomfika magotini, ameshajifuta uso kwa jezi hiyo hiyo mara mbili na si jasho alilokuwa anafuta. Nilikuwa nyuma ya mstari, nilimwona. Huyo zamu yake ilikuwa imekwisha. Na mpira ulipokaliwa, hata mchezo wenyewe ulikuwa umesimama. Pale hakuna chenga ya kutetea.

Ila msinielewe vibaya, sisemi ukiwa unaongoza umhurumie mwenzako. Kuna timu zikishaongoza zinaanza kupasiana kwa kucheka, zinapiga nje makusudi, zinajifanya zimechoka. Hiyo kwangu ni dharau kubwa kuliko tobo. Endelea kumshambulia. Funga la tano. Ukimfunga kwa nguvu zako zote umemchukulia kuwa mpinzani mpaka kipenga cha mwisho.

Wanangu wa timu ya kina dada waliocheza saa nane mchana, kama mliwatazama, yule namba 10 alipiga kisigino kizuri sana kikampita beki, na mpira ulipotoka beki akamgonga mkono. Nikasema haya, wao wameshaelewa.

Sasa niseme langu.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 22, beki wa kulia, na nilikuwa najulikana kwa ukali. Tulicheza ndondo, mpira wa mtaani, na timu ya ufukweni. Winga wao wa kushoto alikuwa kijana mdogo, kazi yake kubeba matenga ya dagaa alfajiri. Ukimsogelea unasikia harufu ya dagaa kwenye ngozi yake. Kipindi cha kwanza alinijia taratibu, akaugusa mpira kwa unyayo, mimi nikafungua miguu kidogo tu, upana wa kiganja na nusu. Ukapita. Nilisikia umenigusa soksi kwa ndani. Watu wote wakaimba, tobooo! Na upande ule wa watu alikuwepo binti niliyekuwa nataka kwenda kuposa kwao. Nikasikia kicheko chake, au nilidhani nimekisikia.

Sikumpiga pale pale. Nilimsubiri dakika 10. Naomba mlishike hilo, wanangu, dakika 10 nzima. Hasira inakuja na kupita kama upepo wa ziwani. Mtu akiitunza dakika 10 ameshaamua. Alipopokea mpira tena, akiwa amenipa ubavu, niliuingia mguu wake wa kusimamia. Muundi ukalia. Nimeshasikia kuni zikivunjwa, sauti ni ile ile. Wakamtoa kwenye kitanda cha kamba, vijana wanne. Mwamuzi alinipa njano. Mimi nikamaliza mechi, na tulishinda, na watu wakanibeba.

Alipona, akatembea, lakini mguu ule haukurudi kama ulivyokuwa. Hakucheza tena. Miaka tisa tulikuwa tunapishana Kibirizi, nanunua dagaa, nasalimu, napita. Asubuhi moja nikaamua. Nilimkuta anageuza dagaa juu ya kichanja. Nikamwambia, ndugu yangu, nimekuja kwa ajili ya mguu wako. Akanitazama, akasema, "Kaka, mimi nilijua uliteleza."

Miaka tisa alikuwa ananitetea moyoni mwake. Nikamwambia sikuteleza.

Tangu siku ile nimeirudia ile tobo kichwani mara nyingi, na kila nikiirudia naona kitu kimoja. Hakunitazama. Alipoupitisha mpira macho yake yalikuwa kwenye mpira, kisha yakaenda golini. Hakucheka, hakunyoosha kidole, hakusema neno. Waliocheka ni watu. Nilimvunja yeye kwa sababu ya kicheko cha watu wengine.

Kwa hiyo naongea na ninyi mliosimama pembeni kabla ya wachezaji. Jumatano, kabla beki hajakwenda, nyuma yangu kulikuwa na sauti inasema, mvunje huyo, mvunje! Niligeuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu. Sitamtaja, anajijua. Mzee mwenzangu, yule beki alikusikia. Ana miaka 15, amepigwa matobo mawili, analia, na sauti pekee ya mtu mzima iliyomfikia ilimwambia avunje. Ukimcheka mtoto halafu ukamtuma akalipize, mguu ukivunjika na wewe mkono wako umo.

Waamuzi, kwenu ni machache, sheria mnazijua kuliko mimi. Sheria ya 12 ya mpira inataja rafu ya uzembe, ya kutojali na ya nguvu kupita kiasi, na kila moja na adhabu yake. Haitaji tobo wala kanzu wala kisigino. Inataja kuonyesha kutouheshimu mchezo, na hiyo ni njano. Kukalia mpira, toeni njano, nitawaunga mkono. Lakini rafu ya kwanza kwa winga mwenye chenga msiiachie. Mkiiachia ya kwanza, ya tatu itakuwa mguu.

Mabeki. Mnakumbuka 25 Julai 2021, fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa kwetu, uwanja wa Lake Tanganyika. Kiwiko kimoja tu kabla ya mapumziko, Mukoko Tonombe akatoka kwa nyekundu, Yanga wakabaki 10 kipindi kizima cha pili, na kichwa cha Taddeo Lwanga dakika ya 79 kikatosha kuwapa Simba kombe. Hakukuwa na tobo lililoamua mechi ile. Kiwiko kiligharimu kuliko chenga zote zilizopigwa siku hiyo. Ukipigwa tobo leo, geuka, kimbia. Mpira uliopita katikati ya miguu yako bado uko uwanjani, na aliyekupiga bado hajafunga. Na kabla ya hapo, usimkabili umesimama miguu sambamba. Kaa ubavu, mguu mmoja mbele, magoti yakunje, msukumie pembeni. Tobo haliingii kwa beki aliyesimama ubavu. Mimi nililijua hilo baadaye mno.

Winga wangu. Tuliongea Alhamisi kwenu, mama yako akiwepo, kwa hiyo sikuaibishi hapa. Uliniambia kule kukalia mpira ulikuona kwenye simu. Ukaniambia pia kwamba baada ya tobo la pili ulikuwa hujui ufanye nini, watu wanapiga kelele, ukakaa. Nimekuamini. Basi leo ukimpita mtu, jua la kufanya: nenda golini. Tobo lako la kwanza Jumatano lilikuwa zuri sana, niliinuka. Usije ukaliacha kwa sababu ya maneno ya watu, wala kwa sababu ya hotuba hii. Na beki wako wa Jumatano yule pale, amekuja kutazama ingawa amefungiwa. Umeshamsalimia? Nenda sasa hivi, tunakusubiri.

Haya. Makofi kwao.

Yule ndugu yangu wa Kibirizi nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akaniruhusu. Nilimwambia aje akae hapa meza kuu, akakataa. Amekaa kule, karibu na kibendera cha kona, upande wa kushoto. Anasema kipindi cha kwanza mawinga watakuwa wanapita pale na anataka kuwaona miguu kwa karibu.

Waamuzi, uwanja ni wenu.